Pua ya Mama Ndoo

Watu wanasema Mama Ndoo alikuwa na hasira za karibu. Si kweli. Hasira zake hazikuwa za karibu wala za mbali, zilikuwa palepale alipo. Alilala nazo, akaamka nazo, akaenda nazo kazini. Na hao wanaomsema leo, wakibinua midomo kwenye vibaraza vyao, wangekuwa na haya kidogo wangejiuliza maji wanayooga wameyachota kwa kitu gani. Ndoo ya nani hiyo? Mfuniko wa nani huo? Hata beseni la kufulia nguo za mtoto, hebu ligeuze uangalie chini, utakuta alama ya ngumi. Ngumi! Wenzake huweka ua, huweka nyota. Yeye aliweka ngumi, na fundi wa kuchonga kalibu alipomuuliza kwa nini, alijibiwa, "Wewe chonga."

Kiwanda chenyewe kilikuwa ghala la zamani nyuma ya karakana ya magari. Mbele, chini ya banda la mabati, palikuwa na meza ndefu ya mbao ambapo wanawake walichambua plastiki kuukuu: madumu, viti vilivyovunjika miguu, mabeseni yaliyopasuka. Kutoka mezani plastiki inaoshwa kwenye mapipa, inasagwa ikawa chenga, chenga zinaanikwa, zikikauka zinachanganywa na plastiki mpya na rangi, halafu zinaingia kwenye mashine. Mashine inaziyeyusha, inausukuma ule uji ndani ya kalibu, kalibu inafunguka, ndoo inatoka ikiwa bado ya moto. Mashine ya kusaga ilikuwa na kelele za kumkera hata kiziwi, kwa hiyo mle ndani watu walizoea kuongea kwa kupiga kelele, na wakirudi nyumbani wakawapigia kelele waume zao bila kujijua.

Mle ndani mlikuwa na sharti moja lisilovunjwa. Kila mkupuo mpya wa mchanganyiko, ndoo ya kwanza ilifunikwa mfuniko ikiwa na joto lake, ikapelekwa kwa Mama Ndoo. Mashine inazimwa. Watu wote wanasimama. Mfuniko unafunuliwa, Mama Ndoo anaingiza kichwa ndani ya ndoo mpaka masikioni, anavuta pumzi, anatoa kichwa. Akisema "pitisha," kazi inaendelea. Akisema "vunja," mkupuo wote unarudi kusagwa ukawe nguzo za uzio, na usithubutu kumuuliza sababu, atakutolea uvivu mbele ya wafanyakazi wote. Maana dumu lililokaa dawa ya shamba laweza kusuguliwa kwa sabuni ya manukato likang'aa, likapita mezani pasipo mtu kushtuka, lakini likiyeyushwa ile harufu inaamka. Meza hukosea. Ndiyo maana paliwekwa pua.

Na pua hiyo haikuanza jana. Kabla ya kiwanda, Mama Ndoo alikuwa mke wa mchomeleaji vyuma, na yeye mwenyewe akiuza madumu yaliyotumika, akiyasugua kwa mchanga na majivu uani kwake. Mtu akileta dumu, ananusa mdomo wake mara moja tu. "Hili lilikuwa la mafuta ya kupikia, mkaja mkatia mafuta ya taa, mkaosha, mkadhani mimi mjinga." Mwenye dumu anabaki kutoa macho. Mtoto wa mtaa wa pili aliwahi kunywa maji yaliyowekwa kwenye dumu la dawa ya kupulizia mazao akanusurika kwa tabu sana, na tangu siku hiyo kila mama mwenye akili zake alitaka dumu lililopita puani kwa mke wa mchomeleaji.

Aliyemtia hasira ya kufungua kiwanda ni mwenye kiwanda mmoja wa mji mkubwa. Mama Ndoo alimfuata, kwa adabu zote, akamwambia ndoo anazoleta zinanuka na watu wanazinywea maji. Bwana yule akacheka. Kucheka peke yake hakukumtosha, akawaita na wenzake waje wacheke. "Mama, hiyo ni ndoo, si chupa ya manukato. Ukitaka inayonukia, nenda katengeneze yako."

Alirudi nyumbani. Mchomeleaji, mtu mpole asiyejua kununa, akamuuliza, "Vipi tena, mama?"

"Nitengenezee mashine."

"Mashine ya nini?"

"Ya kumfunga mtu mdomo."

Akatengenezewa. Bomba nene la chuma, jeki ya lori iliyokufa, jiko la mkaa chini yake, na kalibu iliyomiminwa kwa sufuria chakavu zilizoyeyushwa. Anayevuta mkono wa mashine ni Mama Ndoo upande huu, na upande ule wifi yake, dada wa mchomeleaji, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye uso usiojua kuficha jambo. Ukimpa wifi chai isiyo na sukari utaijua kwenye uso wake kabla hajaimeza. Ndoo yao ya kwanza ilitoka na shimo ubavuni na ukingo umepinda. Mchomeleaji akaivaa kichwani, akasema mvua ikinyesha atawaazima watu. Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Mama Ndoo hakucheka. Aliipokonya, akaikanyaga, akairudisha jikoni.

Basi kiwanda kikaanza kusimama kwa miguu yake, na mchomeleaji akafa. Tumbo lilimuuma, akalazwa, hakurudi. Hata watu hawajamaliza kutoa pole, ndugu zake wa kiume wakaja uani na mkokoteni. Hebu fikiria, mkokoteni! Mashine ni jasho la ndugu yetu, wakasema, na mwanamke ataiwezea wapi. Mama Ndoo alikuwa ndani, amekaa chini, hana hata nguvu za kugomba. Aliyetoka ni wifi. Akapita katikati ya kaka zake wa tumbo moja, akaikalia ile mashine.

"Mwenye mashine yuko ndani analia," akasema. "Mkitaka kuibeba, mnibebe na mimi. Na mnaniona nilivyo."

Wakamwita msaliti. Wakamwambia asikanyage kwao tena, na hakukanyaga. Misiba akaisikia kwa watu, harusi akaziona kwa mbali. Hajawahi kumkumbusha Mama Ndoo jambo hilo hata siku moja, na Mama Ndoo hajawahi kumwambia asante, kwa sababu alikuwa ni mtu wa namna hiyo, akikupenda anakugombeza. Kiwanda kilipohamia ghalani na mashine ya umeme ikaingia, alimpa wifi meza yote ya kuchambua awe mkubwa wake, na kwenye lile sharti la ndoo ya kwanza, mwenye kushika mfuniko awe yeye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mama Ndoo hakumwambia mtu.

Pua yake ilikufa. Miaka ya kuinamia plastiki inayoyeyuka haiendi bure. Kwanza ilipotea harufu ya sabuni, halafu ya mvua kwenye vumbi, halafu ya watu. Akajitia hamnazo. Mpaka siku amekaa jikoni kwake, amelipa jiko mgongo, akikata kucha, jirani akavamia mlango akipiga yowe, "Wewe! Nyumba inaungua na umekaa!" Sufuria ilikuwa imeungua mpaka mpini, moshi unatokea dirishani nyuma yake, na yeye hana habari.

Akaenda kwa daktari wa pua, hospitali ya mbali asikojulikana. Daktari akammulika, akamnusisha hiki na kile, akakaa. Moshi umeua mishipa ya kunusia, akasema.

"Itarudi lini?"

"Haitarudi, mama."

Alimtukana yule daktari matusi ambayo sitayarudia. Akamwambia wazazi wake walipoteza ada bure. Akatoka, akabamiza mlango, akakaa kwenye benchi la nje kati ya wagonjwa wengine, akalia kwa hasira mpaka kitambaa kikalowa.

Angesema tu! Angeita watu akawaambia, jamani, mimi kwa heri kunusa, anayenusa sasa ni fulani. Nani angemla? Lakini wenye maduka walikuwa wanampa mteja ndoo na kumwambia, "Hii imenuswa," na mteja haulizi tena. Hiyo pua ndiyo iliyomfunga mdomo bwana wa mji mkubwa, ndiyo iliyowanyamazisha shemeji zake baada ya mkokoteni wao kurudi mtupu. Bila pua yeye ni nani? Mjane mwenye makelele, basi. Ndivyo alivyojiona, na mimi nasema alijidhulumu, ila nani angemwambia wakati hakuna aliyejua.

Akapata njia. Wifi akifunua mfuniko, ile hewa ya moto inampiga yeye kwanza usoni, na uso wa wifi mnaujua. Mama Ndoo akajifunza kuinama polepole huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Pua ya wifi ikikunjika na mdomo ukivutwa pembeni, Mama Ndoo anaingiza kichwa, anakaa humo kidogo kwa heshima ya kazi, anatoka na kusema, "Vunja." Uso ukiwa shwari, "Pitisha." Wifi mwenyewe hakujua lolote. Aliamini kazi yake ni kushika mfuniko. Na mambo yakaenda hivyo, mwaka ukaingia mwingine ukatoka, haikupita ndoo mbaya hata moja.

Halafu wifi akaanza kukohoa. Vumbi la mashine ya kusaga. Mama Ndoo akapandisha mori, akagombeza vumbi, akagombeza mashine, akamgombeza wifi kwa kukohoa, akaenda kununua barakoa za meza nzima. "Nikimkuta mtu bila hiki kitu usoni amemwaga unga! Nani asiyenijua?" Wote walimjua. Wakavaa.

Ni wiki hiyohiyo ilipoingia kazi ya shule ya msingi: ndoo za buluu zenye mfuniko na bomba, kila darasa iwe na yake ya maji ya kunywa. Plastiki ya buluu ilikuwa imeadimika, akatokea mchuuzi na shehena ya madumu ya buluu yameoshwa yananukia sabuni, meza ikayapitisha. Yakasagwa, yakayeyushwa, ndoo ya kwanza ikaletwa. Mashine ikazimwa. Wifi akashika mfuniko. Mama Ndoo akainama, akatazama kwa pembe ya jicho, na alichokiona ni barakoa.

Barakoa mpaka chini ya macho. Macho yakapepesa kidogo. Ni ule mvuke, akajiambia. Angeweza kusema, vua hiyo. Asubuhi ileile alikuwa amemfokea mama mmoja wa mezani mpaka akamliza, kwa sababu ameivua. Angeweza kusema leo sinusi, nina mafua. Akaingiza kichwa ndani ya ndoo, na humo mlikuwa na joto tu, na giza la buluu, na pumzi yake mwenyewe.

"Mama, shule wanatusubiri," fundi wa mashine akasema nyuma yake.

Akatoa kichwa. "Pitisha."

Ndoo zikaenda shuleni. Na siku moja asubuhi, kazi imechanganya, mwalimu mkuu akaingia langoni kwa miguu, jasho linamtiririka, ndoo ya buluu mkononi. Hakusalimu. Aliibwaga katikati ya ghala, bomba likang'oka. Watoto wanatapika, akasema, wameanguka darasani mmoja baada ya mwingine, wengine wamekimbizwa hospitali, na wote ni wa madarasa yaliyokunywa kwenye ndoo mpya. Jana walizijaza maji, yakalala humo na joto lote lile.

"Nusa!" akamwambia Mama Ndoo. "Si ndiyo kazi yako? Nusa!"

Mama Ndoo akapiga magoti, akaingiza kichwa. Hakuna kitu. Alipokitoa aliona fundi amegeuza uso, wanawake wa meza wameziba pua juu ya barakoa, na mmoja ametoka nje anatema mate. Hapo akajua. Na badala ya kusema, damu ikamchemka, akatafuta wa kumrukia, akampata aliye karibu.

"Nani kachambua madumu haya? Nani? Wifi! Nimekupa meza, nimekupa watu, umekaa hapo unapiga soga, unaniletea sumu ndani ya kiwanda changu! Watoto wa watu! Toka! Toka, nisikuone!"

Wifi akavua barakoa taratibu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na mshangao, wa mtu aliyepigwa na mwanawe.

"Wifi, siku ile niliisikia harufu," akasema. "Hata na kitu hiki usoni niliisikia. Lakini wewe uliingiza kichwa ukasema pitisha. Nikasema, basi kumbe pua yangu ndiyo mbovu."

Akakunja kitenge chake, akaondoka. Mama Ndoo akabaki na ndoo miguuni.

Mchana ule akaja afisa afya, akafunga lango kwa mnyororo, akasema halitafunguliwa mpaka ajulikane aliyekosea, na wazazi wamepanga kukutana shuleni wasikie kwa masikio yao. Fundi akamfuata Mama Ndoo nyumbani kwake, akakaa ukingoni mwa kiti, akashusha sauti.

"Mama, mbona aliyekosea anajulikana. Ni aliyechambua. Ulishamfukuza mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe, ushahidi gani tena unatakiwa? Wewe nyamaza tu. Atasema yake, watamhukumu, lango litafunguliwa. Sisi sote tuna watoto."

"Toka mbele yangu," Mama Ndoo akamwambia.

Fundi akatoka. Lakini ushauri wake ukabaki umekaa pale kwenye kiti, na Mama Ndoo, mniwie radhi, hakuufukuza. Alinyamaza. Yeye! Akashinda ndani, anapiga mateke viti, anatukana mchuuzi wa madumu, anatukana barakoa, anamtukana mchomeleaji kwa kufa. Alijua vizuri kabisa anachokifanya. Akinyamaza, wifi anaangamia. Akisema, pua inaangamia, na kiwanda, na jina. Na kila alipofika hapo anaanza upya kutukana.

Kilichomtoa ndani ni chumvi iliyoisha. Alienda dukani kichwa ameinamisha, akitegemea kupigwa mawe. Mwenye duka akampokea kwa mikono miwili.

"Pole sana mama yetu. Tumesikia. Yule mnafiki hata hapa nimemkatalia kumuuzia, nimemwambia aende akanunue anakouza sumu. Kuna mama mmoja kamtemea mate hapohapo ulipo. Kajipangusa, kaondoka, hata haya hana! Sisi tunakuamini wewe. Pua yako tunaijua."

Mama Ndoo akaiacha chumvi juu ya kaunta. Alitaka kumkamata yule mwanaume shingoni. Alitaka kuvunja chupa zake zote za soda. Na hasira ile, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mwalimu mkuu, haikutafuta mtu mwingine wa kumrukia.

Siku ya mkutano, darasa kubwa lilijaa mpaka madirishani. Wazazi wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Afisa afya na mwalimu mkuu mbele, na wifi amesimamishwa pembeni ya ubao, peke yake, mikono ameifumbata tumboni. Afisa afya akaanza kumuuliza, "Wewe ndiye mkubwa wa meza ya kuchambua?" Kabla hajajibu, Mama Ndoo akasimama nyuma.

"Mwacheni huyo. Aliyekosea ni mimi. Pua yangu haisikii kitu. Imekufa."

Darasa likaguna. Halafu, hebu sikia watu walivyo, mzee mmoja wa mbele akatikisa kichwa kwa huruma. "Mnauona moyo wa huyu mama? Anamkingia kifua wifi yake." Na mtu akapiga makofi. Wakafuatia wengine. Wakampigia makofi!

"Msinipigie makofi!" Mama Ndoo akapayuka, sauti ikagonga mabati. "Mna wazimu? Watoto wenu wamelala hospitali na mnanipigia makofi? Nimesema sinusi! Sisikii harufu ya kitu chochote chini ya jua! Hamuamini? Mwalimu, niletee dawa ya chooni. Ile kali. Na kikombe cha maji."

Akapita mbele, akavua mtandio wake, akajifunga macho mwenyewe kwa fundo. Mhudumu wa shule akaleta dawa ya chooni kwenye kopo, na maji kwenye kikombe. Mwalimu mkuu akamsogezea kikombe puani.

"Hiki nini?"

"Sijui."

Akamsogezea kopo. Waliokaa dawati la kwanza wakaanza kukohoa na kujifunika nguo. Mwalimu mwenyewe alikuwa amegeuza uso, mkono ameunyoosha mpaka mwisho.

"Na hiki?"

Mama Ndoo akavuta pumzi ndefu, kama alivyokuwa akifanya kiwandani. Machozi ya ukali wa dawa yakatoka chini ya mtandio, yakashuka mashavuni. Pua haikusema neno.

"Sijui," akasema. "Yale maji?"

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Akafungua mtandio. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, akasimama juu ya dawati kabisa.

"Mwongo mkubwa wewe! Umetudanganya tangu lini?"

"Tangu kabla huyo mgongoni hajazaliwa. Na kabla ya kaka yake."

"Na sisi tunakwambia ahsante mama, ahsante mama! Mungu akulaani!" Na wengine wakasimama, na ndani ya darasa lile yakatoka maneno ambayo Mama Ndoo alistahili, akayapokea yote akiwa amesimama wima. Afisa afya alikuwa akigonga meza na hakuna aliyemsikiliza.

Kelele zilipopungua, wifi akatoka pale ubaoni. Akaja mpaka mbele ya Mama Ndoo, karibu kabisa, na watu wakainama mbele wasikie.

"Kama hukuwa unasikia," akauliza, "ulikuwa unajuaje ya kuvunja?"

"Nilikuwa nakutazama uso."

"Uso wangu."

"Ukikunja pua, navunja. Siku ile ulikuwa na barakoa."

Wifi akalipanga jambo lile kichwani. Kisha uso wake usiojua kuficha ukabadilika, na hakuna aliyewahi kuuona ukiwa hivyo, hata siku ya mkokoteni.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo aliyekuwa ananusa ni mimi. Na ukanifukuza kwa kutonusa."

"Ndiyo."

"Mjukuu wangu yuko wodini. Ulijua?"

Mama Ndoo hakujua. Hakuwa ameuliza majina ya watoto. Aliogopa kuyauliza.

"Alikuwa anakwenda shule na chupa yake ya maji kutoka nyumbani," wifi akasema. "Kila siku namjazia mwenyewe. Ndoo zilipoletwa nikamwambia, chupa iache, shuleni sasa kuna ndoo zetu. Akasema bibi, zinanuka. Nikamgombeza! Nikamwambia zimenuswa na bibi yako mkubwa, wewe una pua gani? Nikamnyang'anya chupa mlangoni, wifi. Kwa mkono huu."

Akaunyanyua ule mkono, na Mama Ndoo akadhani anapigwa, akangoja apigwe. Wifi akaushusha.

"Wakifungua lango nitakuja. Siji kwako. Nakuja kuzisaga zile ndoo zote mpaka ya mwisho, na kuanzia siku hiyo ndoo ya kwanza inaletwa kwangu, na wewe unashika mfuniko, na huniongeleshi."

Mama Ndoo akafungua mdomo.

"Na usiniombe msamaha hapa mbele za watu," wifi akasema. "Watakupigia makofi tena."